Roketi haimngojei mpigapicha

Bibi arusi akifumba macho, mpigapicha humwambia, "Tabasamu tena." Mtoto akilia siku ya kusherehekea kuzaliwa kwake, hupewa peremende akanyamaza, na picha ikapigwa upya. Hata mheshimiwa akikata utepe na picha ikaharibika, si ajabu kumwona akishika mkasi mara ya pili na kujifanya anakata. Lakini kuna kitu kimoja ambacho ukikikosa, umekikosa. Nacho ni roketi inayoruka usiku. Haina "tena". Ikishaondoka imeondoka.

Nayajua haya kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba usiku wa kuamkia Jumatano, Novemba 16, 2022, nilisimama kando ya maji katika mji wa Titusville, jimbo la Florida, Marekani, nikiwa na kamera ya kuazima na tiketi ya ndege ya kurudi Nairobi siku iliyofuata. Sababu ya pili ni baba yangu mzazi. Nianze na mzee.

Baba alikuwa na studio ndogo ya picha mjini Malindi. Alipiga picha za pasipoti, za harusi, za vijana waliomaliza shule na za mabaharia waliotaka kutuma sura zao nyumbani. Kamera yake ilikuwa Pentax K1000, chuma kitupu, nzito kama pasi ya makaa. Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mmekulia katika enzi ya simu, kwa hivyo nitaeleza kidogo. Kamera ya zamani ilitiwa filamu, nayo filamu ya kawaida ilitoa picha 36. Hukuweza kutazama ulichopiga mpaka filamu iishe, iingizwe katika chumba cha giza na ioshwe kwa dawa. Ukikosea, uligundua baadaye, wakati wenye arusi wamekwisha kurudi makwao.

Sasa, sina hakika kama vijana wa Nairobi wanajua kwamba roketi ziliwahi kurushwa kutoka nchini mwetu. Naam, Kenya hii hii. Baharini karibu na kijiji cha Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Waitaliano walisimamisha majukwaa ya chuma juu ya maji, na wakishirikiana na Wamarekani wakarusha satelaiti tisa kati ya mwaka wa 1967 na 1988. Mojawapo ilirushwa Desemba 12, 1970, siku tuliyokuwa tukiadhimisha miaka saba ya uhuru, ikapewa jina letu wenyewe: Uhuru. Hiyo ndiyo satelaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei inayotoka angani.

Je, kwa nini watu watoke Roma waje mpaka Ngomeni? Jibu ni ikweta. Dunia hujizungusha, na mahali pa ikweta ndipo panapokwenda kasi zaidi, kama kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka hapo hupata msukumo huo bure, mithili ya kijana anayerukia matatu inayokwenda upande ule ule anaokimbilia. Tena upande wa mashariki ni bahari tupu. Vipande vikianguka havimwangukii mtu.

Baba alihamia Malindi katika miaka ya themanini, wakati hakuna satelaiti iliyokuwa imerushwa tangu 1975. Alisikia hadithi tu kutoka kwa wenyeji. Basi Machi 1988 mteja mmoja alipomnong'oneza kwamba roketi itaruka, mzee hakulala. Jioni ya Ijumaa, Machi 25, alipanda pikapu ya mteja huyo pamoja na mama na kaka yangu aliyekuwa na umri wa miaka mitatu. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Wakatandika kanga mchangani, wakangoja. Roketi iliruka karibu saa tano za usiku.

Kuhusu yaliyofuata, mwachie mama asimulie. Kila harusi, kila Krismasi, kila mgeni akifika, mama alisimulia. Jinsi bahari ilivyogeuka rangi ya machungwa. Jinsi kaka alivyojificha ndani ya kanga yake. Na jinsi baba alivyorudi Malindi usiku huo huo, akaingia chumba cha giza na nguo zenye mchanga, akaosha filamu, akatoka nayo mkononi ikiwa nyeupe kama maji ya kisima. Haikuwa na kitu. Ncha ya filamu haikushika vizuri kwenye mtambo wa kuizungusha ndani ya kamera, kwa hivyo usiku kucha filamu haikusogea hata inchi moja. Hilo ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

"Mwanamume alikwenda kupiga picha roketi, akaniletea picha ya usiku," mama humalizia, na nyumba nzima huangua kicheko. Baba naye hucheka. Kisha husema maneno yale yale niliyoyasikia tangu utotoni: "Picha haikutoka, lakini macho yangu yaliona."

Hakuna aliyejua wakati huo kwamba roketi ile ndiyo ingekuwa ya mwisho. Tangu usiku huo wa 1988, hakuna satelaiti nyingine iliyorushwa kutoka Ngomeni.

Miaka ilipita. Simu zenye kamera zilikuja, wateja wakapungua, studio ikafungwa. Mwaka wa 2019 baba alianza kugonga vikombe mezani na kujikwaa kwenye vizingiti vya nyumba aliyoishi miaka thelathini. Tulidhani ni uzee. Tulipompeleka kwa daktari wa macho tukaambiwa ni presha ya macho, na kwamba imekuwa ikimla polepole kwa miaka mingi bila maumivu yoyote. Ugonjwa huu kwa kawaida huanza kula pembeni. Anayeugua huendelea kuona kilicho mbele yake, huku dunia ikifinyika pande zote, mpaka ni kama anachungulia kupitia tundu la ufunguo. Matone ya dawa huweza kuupunguza mwendo wake, lakini sehemu iliyokwisha kupotea hairudi. Msomaji, kama una mzee nyumbani, mpeleke akapimwe macho kabla hajaanza kugonga vikombe. Hayo nimeyasema kwa uchungu.

Katika mwaka wa 2022 kaka yangu, yule aliyejificha ndani ya kanga, alikuwa muuguzi huko Orlando, Florida. Mke wake alijifungua, nami nikapewa likizo ya wiki mbili niende kumwona mtoto. Kaka akanipasha habari nyingine: Shirika la anga la Marekani, NASA, lilikuwa limepanga kurusha roketi kubwa iitwayo SLS usiku wa Novemba 14, katika safari ya majaribio ya Artemis I. Chombo chake, Orion, kingeuzunguka mwezi bila ya mtu ndani na kurudi duniani. Roketi hiyo ina urefu wa mita 98. Ukisimama pale Nairobi ukaliangalia jumba la KICC, hujakosea sana.

Nilipomweleza baba kwa simu, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, nipigie picha. Mimi ile yangu ilinishinda."

Hapo ndipo mzaha ulipogeuka kuwa deni.

Mimi si mpigapicha. Kazi yangu ni kalamu. Nilimwendea mwenzangu wa kitengo cha picha kazini, akakubali kuniazima kamera yake na stendi ya miguu mitatu, kwa sharti kwamba nifanye mazoezi kwanza. Kwa wiki mbili nilipanda juu ya paa la nyumba tunayopanga, karibu na barabara ya Thika, nikapiga picha taa za magari. Nitakupa alichonifunza, kwa kuwa kitakufaa hata kwa fataki za mwaka mpya au radi za mwezi wa Aprili.

Kwanza, kitu kinachotoa mwangaza gizani hakipigwi kama mtu. Ukiwasha fleshi umejisumbua, maana mwanga wa fleshi hauvuki hata kiwanja cha mpira. Badala yake unafungua kamera na kuiacha wazi kwa sekunde nyingi, au dakika kadhaa, ili taa yenyewe ijichore ndani. Gari likipita, huoni gari, unaona mstari mwekundu. Roketi nayo huchora mstari wa moto kutoka ardhini hadi mbinguni.

Pili, kwa sababu kamera iko wazi muda mrefu, unaipunguzia mwangaza kwa njia nyingine. Ile namba ya ISO unaiweka chini, 100. Tundu la lenzi unalifinya, namba 16 au karibu na hapo. Namba ikiwa kubwa tundu huwa dogo. Ukisahau hili, roketi itakuunguzia picha nzima iwe nyeupe, kwa sababu inapowaka usiku hugeuka mchana.

Tatu, fokasi. Kamera za kisasa hujitafutia fokasi zenyewe, lakini gizani hutapatapa kama kipofu sokoni. Unaizima, unalenga taa ya mbali, unazungusha kwa mkono mpaka taa iwe nukta kali, kisha huigusi tena.

Nne, na hili alilisisitiza sana, usibonyeze kamera kwa kidole. Kidole hutetemeka. Tumia waya wa kufyatulia, ufunguao na kufunga ukiwa umesimama pembeni.

Niliandika hayo yote kwenye kikaratasi, nikakitia katika pasipoti.

Nilifika Orlando mapema mwezi wa Novemba, na tufani nayo ikafika. Tufani hiyo, iliyopewa jina la Nicole, ilipiga pwani ya mashariki ya Florida Novemba 10, wakati roketi ile kubwa imesimama nje kwenye uwanja wake, haina paa. NASA ilikuwa imekwisha kusogeza siku ya kuiruka kutoka 14 hadi 16. Aidha, roketi hiyo ilikuwa na historia ya kuvunja ahadi. Ilitarajiwa kuruka Agosti 29, ikakataa. Ikatarajiwa Septemba 3, hidrojeni ikavuja, ikakataa tena. Mimi ndege yangu ilikuwa Novemba 17. Nafasi nyingine ya kuiruka, kama hii ingeshindikana, ilikuwa tarehe 19. Nilikuwa na usiku mmoja tu.

Kutoka Orlando hadi Titusville ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Tuliondoka na kaka saa kumi na moja jioni, na bado tuliwakuta watu wamejaa kando ya maji. Walikuwa na viti vya kukunja, blanketi, makasha ya barafu, na watoto waliovalia nguo za kulalia. Mbele yetu maji yalikuwa meusi, na ng'ambo, kama kilomita 20 hivi, uwanja wa roketi uling'aa kwa taa zake kama kijimji kidogo.

Nilisimamisha stendi yangu kando ya mzee mmoja Mmarekani aliyekuwa na kamera tatu. Tulisalimiana. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Kenya. Nilidhani atataja simba. Badala yake akasema, "Uhuru! Ile satelaiti ya 1970." Nusura nimkumbatie.

Saa zilisonga. Mwezi nusu ulichomoza upande wa mashariki, juu ya uwanja wenyewe. Roketi ilipangiwa kuruka saa saba na dakika nne usiku. Kaka alikuwa akifuata matangazo kwenye simu yake, na kabla ya saa sita tukasikia tulichokiogopa: hidrojeni inavuja tena, kwenye vali iliyo chini ya mnara. Watu walishusha pumzi. Mama mmoja akaanza kukunja blanketi.

Kumbe mafundi watatu walikuwa wametumwa mpaka kwenye roketi yenyewe, iliyokwisha kujazwa mafuta, wakakaze nati kwa mikono. Fikiria, msomaji. Mnara wa mita 98 uliojaa hidrojeni na oksijeni, na watu watatu chini yake wenye spana. Walikaza, wakaondoka, vali ikatulia. Ikabaki hitilafu ya mtambo wa rada, nayo ikashughulikiwa. Saa saba na dakika nne ikapita, roketi imetulia tuli.

Katika kungoja huko ndipo niligusa lenzi yangu. Ilikuwa na maji! Umande ulikuwa umetanda juu ya kioo. Nilipitisha kitambaa, baada ya dakika mbili ukarudi. Moyo wangu ulishuka hadi kwenye viatu. Yule mzee aliniona, akacheka, akafungua mfuko wake na kutoa vifuko viwili vidogo vya unga, vile ambavyo watu wa nchi za baridi hushika ili kupasha mikono joto. Akavizungusha kwenye lenzi yangu na kuvifunga kwa soksi. Naam, soksi. Kioo kikapata joto, umande ukakoma. Nikamshukuru kwa Kiswahili, maana Kiingereza kilikuwa kimenitoka.

Kenya ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi. Nikampigia baba.

"Bado," nilimwambia. "Imecheleweshwa, lakini wanasema wanaendelea. Kila kitu kiko tayari, baba. Nimelenga, nimefunga fokasi. Sasa nimeweka jicho kwenye kidirisha cha kamera tu, nangoja."

Kukawa na kimya upande wa pili. Nilidhani simu imekatika.

"Mwanangu," alisema, "ondoa jicho hapo."

"Kwa nini, baba?"

"Ile kamera yangu ilikuwa na kioo ndani. Ukichungulia, ni kioo kile kinachokuonyesha. Ukiifungua, kioo kinainuka ili mwanga upite uende kwenye filamu, na kidirisha kinakuwa giza. Ukiiacha wazi dakika nzima, unaona giza dakika nzima. Mimi nilijua hilo. Lakini sikuwa na waya wa kufyatulia, niliushikilia mtambo kwa kidole, nikahofia nikiinua kichwa nitaitikisa. Nikakaa nimeinama, jicho pale pale. Nilisikia watu wanapiga kelele. Nilimsikia mama yako anamtaja Mungu. Nilipoinua kichwa ilikuwa nukta tu, kama nyota nyingine."

Sikujua niseme nini.

"Mimi sikuiona," baba alisema. "Miaka yote hii nawaambia watu niliona. Sikuiona picha, wala sikuiona yenyewe. Basi wewe fungua kamera yako, kisha simama utazame. Hata picha isipotoka, uje unieleze."

Kaka aliniuliza kwa nini ninalia. Nikamwambia ni mbu.

Karibu dakika kumi kabla ya kuruka, mkurugenzi wa urushaji, Bi Charlie Blackwell-Thompson, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo huko NASA, aliwauliza wakuu wa vikosi vyake mmoja baada ya mwingine kama wako tayari. Wote wakajibu ndiyo. Yule mama akakunjua blanketi lake tena. Watu wakaanza kuhesabu kwa sauti, kama mkesha wa mwaka mpya.

Saa saba na dakika 47 usiku nilifyatua waya, kamera ikafunguka, nami nikarudi nyuma hatua mbili.

Kwanza hakukuwa na sauti. Mwangaza tu, wa manjano, ulipasuka ng'ambo ya maji na kuenea kama alfajiri iliyopotea njia. Niliona nyuso za watu. Niliona rangi ya shati la kaka, ambalo nilikuwa nimedhani ni jeusi, kumbe ni la samawati. Maji yote yakawaka. Na juu ya mwangaza huo kitu kikaanza kupanda, si kwa haraka kama nilivyodhani, bali kwa uzito, mithili ya mtu anayenyanyuka na gunia kichwani, kisha haraka, kisha haraka zaidi. Ikapanda kuelekea upande wa mwezi.

Sauti ilitukuta baadaye. Sauti husafiri kama kilomita moja kwa kila sekunde tatu, kwa hivyo kwa umbali ule ilichukua karibu dakika nzima kutufikia. Roketi ilikuwa imekwisha kuwa juu mno, ndipo ardhi ikaanza kunguruma. Ilianza miguuni, ikapanda kifuani. Soksi kwenye lenzi ilikuwa ikitikisika, au labda ni mimi. Ng'ambo ya barabara kengele za magari zikaanza kulia.

Zilipopita dakika mbili na ushei, zile roketi mbili za pembeni, zinazotoa zaidi ya robo tatu ya nguvu ya kuinukia, ziliisha moto na kujiachia, zikawa cheche mbili ndogo zinazoanguka. Cheche ya katikati ikaendelea. Niliitazama mpaka ikawa nukta, kama nyota nyingine. Dakika tatu na nusu zilipotimia, nikafunga kamera.

Picha moja. Sikupiga ya pili, kwani hakukuwa na ya pili.

Niliogopa kuitazama. Kaka ndiye aliyebonyeza. Kwenye kioo kidogo cha kamera ukatokea mstari wa dhahabu ulioanza chini, ukapinda polepole kama upinde, ukafika karibu na ukingo wa juu. Pembeni palikuwa na doa jeupe la mwezi. Si picha kamili. Chini, pale moto ulipoanzia, pameungua pakawa peupe tu, na kwenye kona kuna kofia ya mtu aliyesimama mbele yetu. Yule mzee wa kamera tatu aliitazama, akanyoosha kidole gumba.

Nilimtumia baba kwa simu usiku huo huo. Akajibu kwa ujumbe wa sauti kwamba anaona kitu cha manjano, lakini kioo cha simu ni kidogo na kinamulika macho. "Ilete ikiwa karatasi," alisema.

Orion ilirudi duniani Desemba 11, ikatua katika bahari ya Pasifiki baada ya kuuzunguka mwezi. Wiki mbili baadaye, siku ya Krismasi, mimi nilifika Malindi. Picha nilikuwa nimeichapisha Nairobi, kubwa kama meza ndogo ya chai, na nikaibeba ndani ya bomba la kadibodi, kwenye treni hadi Mombasa kisha kwenye matatu, nikiikinga na magoti ya abiria.

Tuliitandaza kwenye meza barandani, palipo na mwanga. Mama akasimama nyuma, mikono kiunoni, na kwa mara ya kwanza hakusema neno.

Baba aliinama. Kwa kuwa huona kipande kidogo tu kwa wakati mmoja, hakuweza kuiona picha nzima kama mimi na wewe tunavyoona. Alipapasa kwa kidole mpaka akafika chini, kwenye ule weupe ulioungua. "Hapa ndipo ilipowaka," alisema. Kisha kichwa chake kikaanza kupanda, polepole, kikifuata mstari. Alipita juu ya maji. Akapita mahali ulipopinda. Alipofika kwenye mwezi alisimama kidogo, akarudi kwenye mstari, akaendelea. Ilimchukua muda mrefu, pengine dakika tatu, pengine zaidi. Hakuna aliyemharakisha. Alipofika ukingoni, pale mstari unapoishia, alikaa hapo.

"Sasa nimeiona," alisema.

Mama alimtazama. "Si ulisema uliiona ya mwaka ule?"

"Nilidanganya," baba akajibu, na mama akacheka mpaka akakaa chini.

Msomaji mpendwa, sikuandika haya ili nikutume Florida. Safari ni ghali na roketi hazina ahadi. Nimeandika kwa sababu Jumapili ya leo, mahali fulani, kuna mzazi anayetazama ubatizo wa mwanawe, mashindano ya shule, au kuagwa kwa binti anayeolewa, kupitia kioo cha simu aliyoinyanyua juu ya vichwa vya watu. Simkatazi. Picha ni amana ya kesho, na mtoto wa mpigapicha hawezi kuzidharau. Namwomba tu afanye kama nilivyoambiwa na mzee wangu. Tayarisha kamera mapema. Iache ifanye kazi yake. Kisha ondoa jicho hapo, usimame utazame.